Je, Mtoto Wangu Nimpeleke Shule Ipi?



Kila mwaka, mwezi wa tisa unapokaribia, njia ziingiazo mjini Goma hujaa wazazi. Wengine hutoka Kibumba, wengine Sake, wengine Rutshuru na Masisi. Mama amebeba maharage ya kuuza, baba amemshika mtoto mkono. Wote wanatafuta kitu kimoja, nacho ni shule. Mara wafikapo mjini huona vibao pande zote mbili za barabara. Shule hii imepakwa rangi ya manjano, ile ina gari lake la kuchukua wanafunzi, na nyingine imechora ukutani bendera za nchi za mbali. Mzazi husimama njiani na kujiuliza: "Je, nichague ipi?"

Watu wengi hudhani ya kuwa jambo hili ni la fedha tu: mwenye fedha huchagua, asiye nazo hunyamaza. Lakini sivyo. Kuchagua shule ni tendo la dhamiri, kwa kuwa ndani yake zimo haki za watu: haki ya mtoto mwenyewe, haki ya ndugu zake, na haki ya mwalimu atakayemfundisha. Na penye haki ya mtu, Mwenyezi Mungu huuliza hesabu. Basi na tulifikiri jambo hili pamoja, polepole, kama tufikirivyo amri za Mungu katika mafundisho yetu.

Swali la mama mmoja

Siku moja, baada ya mafundisho, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kwenda zao. Mama huyo huuza sambaza katika soko la Kituku, kando ya ziwa. Ana watoto wanne. Wa kwanza ni binti wa miaka kumi na mitatu, anayefuata ni mvulana wa miaka kumi, na wawili bado ni wadogo. Akaniambia:

"Mwalimu, nishauri. Katika shule ya umma watoto wangu wamebanana darasani kama sambaza katika beseni. Mwanangu wa kiume ana akili, kila mtu husema hivyo. Lakini yuko mwaka wa nne, na hata barua fupi hawezi kuisoma. Sasa nimeona shule ya binafsi iliyo nzuri. Fedha yangu haitoshi hata mtoto mmoja, ila binti yangu akiacha shule na kunisaidia sokoni, itatosha kwa mdogo wake. Kijana akisoma, atatuinua sote. Je, Mwalimu, nikifanya hivyo ni dhambi?"

Sikumjibu upesi. Huyu hakuwa mama mzembe, wala hakuwa na majivuno. Alikuwa mama mwenye upendo, na maneno yake yalikuwa na ukweli ndani yake. Nilimwomba anipe juma moja. Yale niliyoyafikiri katika juma hilo ndiyo ninayowaandikia leo.

Shule zetu zilivyo

Kwanza yafaa tujue tunachagua kati ya nini na nini, kwa maana wengi huchanganya mambo.

Hapo kale, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watoto wengi wa nchi yetu waliosoma walisoma katika shule za misioni. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Haikupita miaka mingi, ikaona ya kuwa mzigo huo ni mzito kuubeba peke yake. Tarehe 26 Februari 1977 ikapatana na makanisa. Tangu hapo shule hizo ni za umma: Serikali ina wajibu wa kuwalipa walimu, nayo makanisa huziangalia na kuziongoza. Kwa hiyo shule ya parokia, hata ikiwa na msalaba juu ya mlango, kwa kawaida si shule ya binafsi. Ni shule ya umma iliyo chini ya uangalizi wa Kanisa.

Shule ya binafsi ni nyingine. Hiyo ni mali ya mtu, au ya shirika, au ya dhehebu, nayo huishi kwa ada inayolipwa na wazazi, ile tuiitayo hapa kwetu minervali. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 huzitambua shule za namna hiyo, ila yadai zipate kibali cha Serikali.

Katika miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilipoharibika, wazazi waliubeba mzigo wa shule za umma pia. Mwaka 2006 Katiba mpya, katika kifungu chake cha 43, iliagiza kwamba elimu ya msingi iwe ya lazima, na iwe bure katika shule za umma. Lakini agizo hilo lilianza kutimizwa nchini kote mwezi wa Septemba 2019. Lilikuwa jambo jema. Watoto wengi wa maskini, waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa ada, waliingia darasani. Lakini watoto waliongezeka upesi kuliko madarasa na walimu. Ndiyo sababu wazazi wengi wamezikimbilia shule za binafsi. Hawakufanya hivyo kwa upumbavu. Waliona watoto wao wamekaa watano juu ya benchi moja, wakaogopa.

Basi tusimcheke mzazi anayetafuta shule ya binafsi, wala tusimdharau yule anayebaki katika shule ya umma. Mtu hahukumiwi kwa aina ya shule aliyoichagua. Nia yake na njia yake ndizo zinazohukumiwa.

Mtoto amewekwa mikononi mwa nani?

Mtoto si mali ya mwenye shule, wala si mali ya Serikali. Tena si mali ya wazazi, kana kwamba ni mbuzi au shamba. Ni mtu, naye ni wa Mungu aliyemwumba. Lakini Mungu amemweka kwanza mikononi mwa baba na mama. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha ya kuwa mtoto, baada ya kutoka tumboni mwa mama yake, huendelea kukaa chini ya ulinzi wa wazazi kama katika tumbo la kiroho, mpaka akili yake ikomae. Na Baraza la Pili la Vatikani, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, lilifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao, na kwamba wana haki ya kuchagua shule kwa uhuru wa kweli.

Fikirini vema neno hilo. Ikiwa mzazi ndiye mlezi wa kwanza, basi shule ni msaidizi wake. Mtu akiajiri msaidizi shambani, je, yeye mwenyewe huacha kulitazama shamba? Hasha! Lakini wako wazazi ambao, wakiisha kulipa minervali, husema: "Nimemaliza kazi yangu." Hawaijui sura ya mwalimu. Hawajafungua daftari la mtoto hata mara moja. Mzazi wa namna hiyo hakumchagulia mtoto shule, bali amejinunulia ruhusa ya kutomwangalia. Na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hata kama sare yake ni nzuri.

Somo la chukudu

Kati yenu wako watu waliowahi kununua chukudu. Mnajua jinsi mnunuzi mwenye busara afanyavyo. Hamwamini muuzaji kwa maneno yake. Humwuliza ni mti gani ulioichongwa. Huipindua na kuyatazama magurudumu, huutingisha usukani, kisha huipakia gunia la viazi na kuishusha mlimani. Aweza kumaliza asubuhi nzima kabla ya kutoa fedha yake. Kwa nini? Kwa sababu chukudu ikivunjika mteremkoni, mzigo hupotea, na pengine mtu huumia.

Basi, ndugu yangu, waitazama chukudu asubuhi nzima, na shule ya mwanao waichagua kwa kutazama rangi ya ukuta? Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule inayopiga kelele nyingi barabarani, itazame mara mbili.

Mambo haya ndiyo ya kupima.

La kwanza ni kibali. Uliza kwa adabu hati ya Serikali iliyoiruhusu shule. Tena uliza katika ofisi ya elimu, wala usiogope. Shule isiyo na kibali haina haki ya kutoa vyeti vya kutambuliwa. Mtoto aweza kusoma miaka mingi, na siku ya mtihani wa taifa mzazi akagundua ya kuwa jina lake limeandikwa chini ya shule nyingine, au halikuandikwa popote. Mkurugenzi mwaminifu hachukii kuulizwa hati yake.

La pili ni mafundisho yenyewe. Pengine utasema: "Mimi sikusoma, nitapimaje?" Nakujibu: waweza. Mtafute mtoto wa jirani anayesoma mwaka wa tatu katika shule hiyo. Mpe karatasi yenye maandishi, naye asome. Mwombe akuhesabie bei ya kilo tatu za unga. Kisha fungua daftari lake: je, mwalimu amelisahihisha, au kurasa zimejaa makosa yasiyoguswa? Hapo utajua mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye kibao. Pima hivyohivyo shule ya umma iliyo karibu nawe, kwa maana huenda ukakuta humo mwalimu hodari ambaye hukumjua.

La tatu ni usalama wa mwili na wa roho. Je, walimu hupiga watoto kwa hasira? Je, vyoo vipo, na vya wasichana viko mbali na vya wavulana? Je, wako walimu wanaouza alama, au wanaowataka wasichana vibaya ili wawape alama? Uliza akina mama wengine, uliza wasichana waliomaliza. Shule ambayo heshima ya binti haiko salama ndani yake, hata ikifaulisha wote, si shule ya mtoto wako.

La nne ni imani na dhamiri. Shule nyingi za binafsi ni mali ya wafanyabiashara, au ya madhehebu mengine. Hilo peke yake si kosa, na wako walimu wema kila mahali. Lakini uliza kama mtoto atalazimishwa kuiacha sala aliyofundishwa nyumbani. Ninyi mnaojiandaa kwa ubatizo mtaahidi, siku mtakapowaleta watoto wenu kisimani, kuwalea katika imani. Ahadi hiyo hailali darasa linapoanza.

La tano lawahusu ninyi mkaao vijijini. Mtoto anayetoka kijijini kwenda kusoma mjini atalala wapi? Mara nyingi hupelekwa kwa mjomba au kwa shangazi. Wako ndugu wema. Lakini tumeona pia watoto waliopelekwa kusoma wakageuzwa watumishi wa nyumba: huchota maji alfajiri, hufua, hupika, na jioni hawana hata mshumaa wa kusomea. Basi ukichagua shule, chagua pia nyumba. Mtoto aliye karibu nawe katika shule ya kawaida ya kijiji aweza kupata malezi mema kuliko yule aliye mbali katika shule yenye sifa.

Kuta na elimu

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wa mawe yaliyoyeyuka ulishuka mpaka katikati ya mji wa Goma, ukafika ziwani. Ulifunika nyumba, maduka na shule, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Majengo ambayo watu walijivunia yaliangamia kwa muda mfupi. Lakini mtoto aliyekwisha kujua kusoma, je, alisahau kusoma siku ile? Mvulana aliyekwisha kufundishwa kusema kweli, je, ukweli wake uliungua? Kuta ziliungua, elimu haikuungua. Nao walimu waliopenda kazi yao walifundisha tena juu ya mawe meusi yale yale.

Neno hili latufundisha tusitafute shule kwa ajili ya macho ya watu. Jiulize mbele ya Mungu: je, nataka shule hii kwa sababu mwanangu atajifunza humo, au kwa sababu jirani yangu ataiona tai yake shingoni? Sare nyeupe na buluu ya shule ya umma si aibu. Kiburi cha mzazi ni mzigo ambao mtoto huubeba bila kuuomba.

Tena sikilizeni neno moja juu ya lugha. Wazazi wengi huvutwa na shule za binafsi kwa sababu ya Kifaransa, na siku hizi Kiingereza pia. Ni vema mtoto azijue lugha hizo. Hata hivyo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa letu, na sheria yataka lugha za nchi zitumike katika kufundisha. Ukikuta shule inayomwaibisha mtoto kwa sababu amesema Kiswahili uwanjani, fahamu inamfundisha zaidi ya lugha. Inamfundisha kumwonea haya mama yake. Siku moja mama huyo atafika langoni na beseni lake kichwani, naye mtoto atajificha. Amri ya nne ya Mungu yatuagiza kumheshimu baba na mama. Shule inayovunja heshima hiyo inachukua kwa mkono wa kushoto kile inachotoa kwa mkono wa kulia.

Haki ya ndugu zake

Sasa tufike kwenye swali la yule mama, maana ndilo gumu.

Mnaikumbuka habari ya Yakobo na wanawe. Alimpenda Yosefu kuliko wengine, akamfanyia kanzu nzuri. Ndugu zake walipoiona kanzu ile, mioyo yao ilijaa chuki, na mwisho wake Yosefu aliuzwa utumwani. Ndugu zake walitenda dhambi kubwa, hakuna shaka. Lakini tuulize pia juu ya baba. Hakumpa Yosefu kanzu kwa sababu Yosefu aliona baridi kuliko wenzake. Alimpa kwa sababu alimpenda kuliko wenzake. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Kwa habari hiyo twaweza kutofautisha mambo mawili. Haki haitaki kila mtoto apewe kitu kilekile. Mtoto asiyesikia kwa masikio ahitaji shule ya pekee, na ndugu zake hawaonewi wazazi wakimlipia zaidi. Mtoto mgonjwa hupewa maziwa, na wazima hula ugali. Kumpa kila mmoja kwa kadiri ya haja yake, huko ndiko kutenda haki. Lakini kumpa mmoja kwa kumnyang'anya mwingine kile kilicho cha lazima kwake, huko ni kuonea, hata kama aliyepewa ana akili nyingi.

Na katika nyumba zetu, ni nani anayenyang'anywa mara kwa mara? Ni binti. Tusifichane. Fedha ikipungua, ni yeye anayeambiwa abaki nyumbani. Watu husema: "Ataolewa, elimu yake itakwenda kwa watu wengine." Je, binti hana roho? Je, hakuumbwa kwa mfano wa Mungu sawa na kaka yake? Yule atakayewafundisha wajukuu zako sala zao za kwanza, atakayesoma maandishi ya dawa mtoto akiugua usiku, ni nani kama si yeye?

Pengine utauliza: "Na kijana je? Si kosa pia kumwacha katika darasa ambamo hajifunzi kitu?" Swali hilo ni la haki, wala sitalikwepa. Naam, mzazi ana wajibu wa kutafuta dawa. Asiseme "ni mapenzi ya Mungu" na kukunja mikono, hali kosa limetokana na uzembe wa watu. Lakini dawa haipaswi kuwa sumu kwa mtoto mwingine. Tendo jema halijengwi juu ya tendo la kuonea. Basi kwanza tafuta njia zote zisizomwumiza mtu. Ukiisha kuzitafuta zote, ndipo utajua kama kweli hakuna njia.

Haki ya mwalimu

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Bwana wetu alisimulia juu ya mtu atakaye kujenga mnara: kwanza huketi, akahesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza. Mzazi anayemwandikisha mtoto katika shule ya binafsi na ajenge hivyo. Usihesabu ada ya mwezi wa kwanza tu. Hesabu mwaka mzima: sare, vitabu, michango, usafiri, mitihani. Hesabu pia mwezi ambao samaki watakosekana ziwani, na mwezi ambao barabara ya Sake itafungwa.

Kwa nini nasema hivi? Kwanza, kwa ajili ya mtoto. Mtoto anayerudishwa nyumbani kila mwezi kwa sababu ya minervali hupoteza masomo, tena huaibika mbele ya wenzake. Pili, kwa ajili ya mwalimu. Katika shule ya binafsi mshahara wa mwalimu hutoka mikononi mwa wazazi. Vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, shule zilifungwa kwa muda, benki zilifunga milango yake, na watu wengi walipoteza kazi. Wakati huo tuliona wazi: wazazi wasipolipa, mwalimu wa shule ya binafsi hana pengine pa kukimbilia. Mwenye shida ya kweli na aende kwa mkurugenzi, aeleze, apatane naye. Hiyo si aibu. Lakini anayeandikisha mtoto akijua tangu mwanzo kwamba hatalipa, anamnyima mfanyakazi ujira wake. Nao wenye shule wakumbuke vilevile: anayekusanya ada yote na kumcheleweshea mwalimu mshahara amebeba dhambi hiyohiyo.

Jibu nililompa

Juma lilipokwisha, mama yule alikuja tena. Nilimwambia: "Mama, kutaka shule njema kwa mwanao si dhambi. Ni upendo. Lakini kumtoa binti yako shuleni ili umlipie mdogo wake, hilo usilifanye, kwa maana ungechukua haki ya mmoja ukaifanya zawadi ya mwingine. Na mwana akipewa zawadi ya namna hiyo, hujifunza mapema ya kuwa dada yake ni mtu wa kutumika."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mwalimu, basi kijana wangu abaki mjinga?"

Nikamwambia: "La. Twende pamoja shuleni." Tulikwenda, tukakaa na mwalimu wa kijana. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alisema ya kuwa kijana hukaa nyuma, hasikii vizuri, na hakuna mzazi aliyewahi kuja kumwuliza habari zake. Alimhamisha kijana akae benchi la mbele. Mama naye alichukua sehemu ya fedha aliyoiweka, akanunua vitabu viwili vya kusomea, akapatana na mwanafunzi wa shule ya juu awafundishe kijana na dada yake jioni, mara tatu kwa juma. Sehemu iliyobaki aliiweka akiba ya mwaka wa mwisho wa binti katika shule ya msingi na wa kumwingiza shule ya juu, ambayo si ya bure.

Sitawadanganya kwamba shida imekwisha. Darasa bado limejaa. Kijana anasoma sasa, ila polepole, naye bado anaonea wivu watoto wapitao katika gari la shule. Mama bado huuza sambaza, na siku nyingine hulala na mashaka. Lakini jioni, chini ya taa moja, binti na mdogo wake hufungua daftari zao juu ya meza moja. Na mama, ambaye hajui kusoma, huketi karibu nao akisikiliza. Hapo ndipo shule ya kwanza ilipo, nayo haidai minervali.

Ikiwa Mungu amekupa riziki ya kutosha wote, na umeipima shule ya binafsi kama upimavyo chukudu, mpeleke mtoto kwa amani na umshukuru Mungu. Ikiwa huna, usijione mzazi mbaya. Kila mzazi hudaiwa kwa kadiri ya alichopewa. Lakini uangalifu, haki na upendo vyadaiwa kwa wote, tajiri na maskini, kwa maana hivyo havinunuliwi kwa fedha.

Maswali ya kufikiri nyumbani, baba na mama pamoja

1. Je, shule hii naitaka kwa faida ya mtoto, au kwa sifa yangu?

2. Je, ni nani katika nyumba yetu atakayekosa kilicho cha lazima ili huyu asome huko?

3. Je, nitaweza kumlipa mwalimu haki yake mpaka mwisho wa mwaka?

4. Je, lini nilifungua daftari la mtoto wangu kwa mara ya mwisho?

Jibuni kwa kweli, kisha ombeni mwanga wa Roho Mtakatifu. Naye Mungu, aliyemkabidhi Mwanawe katika nyumba ya fundi seremala na mama maskini wa Nazareti, awape ninyi nanyi hekima ya kuwalea wale aliowakabidhi.